Ndege ya kompyuta ikipata kigugumizi: tafuta kasoro kabla ya kutoa pesa

Vijana wanaorusha ndege kwenye kompyuta wameongezeka, kuanzia Mombasa na Malindi hadi huku kwetu Voi na Taveta. Wengine wanacheza tu, na hakuna ubaya. Wengine wana nia ya urubani hasa, na simuleta ndiyo darasa pekee wanaloweza kulimudu kwa sasa. Wote huja na lalamiko lile lile: jana ilikuwa laini kama samli, leo inakwamakwama, na hakuna kilichobadilishwa. Au inaanza vizuri, baada ya robo saa inaanza kuvuta miguu. Fundi wa kwanza anayeulizwa husema nunua kadi mpya ya grafiki. Pesa zinatoka, kadi inafungwa, kigugumizi kiko pale pale.

Nafanya kazi ya kompyuta hapa Voi tangu nimalize diploma yangu, na ndege za kompyuta nazirusha mwenyewe usiku watoto wakilala. Nimeona niandike kwa marefu namna ninavyotafuta kasoro hii, ili atakayekuja na tatizo asome kwanza. Maelezo haya yanafaa kwa Microsoft Flight Simulator ya 2020 na ya 2024, kwa X-Plane 12, na kwa FlightGear ambayo ni ya bure. Wale wa FSX ya mwaka 2006, ambao bado mko, mengi yatawafaa pia isipokuwa yale ya intaneti.

Tuanze na neno fremu, maana bila hilo tutapotezana. Kompyuta huchora picha moja baada ya nyingine, na kila picha ni fremu. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inachukua kama milisekunde 17. Fremu 30, kila picha inachukua milisekunde 33. Sasa tuseme katika sekunde moja umepata picha 40, lakini moja kati ya hizo imechukua milisekunde 200. Kipimo kitakuandikia 40, nambari nzuri tu, na jicho lako litaona ndege imejikwaa. Kwa hiyo mtu anayeniambia "napata 40 lakini inakwama" hasemi uongo. Wastani unaficha. Fremu 30 zisizotikisika ni bora kwa urubani kuliko 60 zinazoporomoka hadi 22 kila unapogeuza kichwa.

Kwa anayejifunza, hili si jambo la urembo. Wakati wa kutua, mkono unavuta usukani kidogo kidogo kulingana na unavyoiona ardhi ikipanda. Picha ikiganda nusu sekunde hapo, mkono unajifunza kuvuta kwa pupa, na tabia hiyo mwalimu wa kweli ataitoa kwa gharama yako, kwa saa. Zaidi ya hapo, X-Plane ina desturi yake: fremu zikishuka chini ya 20 kwa sekunde, programu hupunguza mwendo wa muda wenyewe ili hesabu za ndege zisiharibike. Dakika ya ndani ya ndege inakuwa ndefu kuliko dakika ya saa ya ukutani. Anayefanya mazoezi ya kuzunguka kwa kuhesabu dakika anajifunza hesabu ya uongo. (Na mzazi aelewe: saa za kompyuta ya nyumbani haziandikwi katika daftari la leseni. Kinachohesabiwa ni mitambo iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Ya nyumbani ni ya kuzoea taratibu tu, ambayo si haba.)

Kwa nini napimia Salaita

Huwezi kutafuta kasoro ikiwa kila siku unaruka mahali tofauti, kwa ndege tofauti, katika hali ya hewa tofauti. Lazima uwe na mahali pamoja pa kupimia. Mimi natumia mlima Salaita, kile kilima kilicho peke yake kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, ukishapita Maktau na Mbuyuni. Naweka Cessna 172 ya mishale ya kawaida juu yake, futi 5,000, saa nne asubuhi, anga safi iliyopangwa na mimi wala si hali ya hewa ya moja kwa moja, pua ikielekea kaskazini-magharibi kwenye Kilimanjaro. Nahifadhi safari hiyo, na kila nikipima naifungua hiyo hiyo.

Pana faida yake. Chini kuna nyika, majani na barabara moja. Hakuna maghorofa, hakuna uwanja wa ndege mkubwa wenye ndege zilizopangwa, hakuna bandari. Kompyuta haina kazi nzito. Ikikwama hapo, usilaumu mji. Kisha nafanya kipimo cha pili juu ya Likoni na Mji wa Kale, Mombasa, futi 1,500, ndege ile ile, saa ile ile. Salaita ikiwa laini na Mombasa ikikwama, kompyuta yako ni nzima ila imeelemewa, na dawa ni kupunguza mipangilio. Zote mbili zikikwama, kuna kasoro. Salaita ikiwa laini dakika ya tano na mbovu dakika ya arobaini, hiyo ni kasoro ya aina nyingine kabisa, na ndiyo inayotusumbua sana huku kwetu.

Nikiri kwamba nakipenda kilima hicho kwa sababu nyingine pia. Tarehe 12 Februari 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Waingereza na askari wa Afrika Kusini walishambulia Salaita iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakashindwa. Mizinga ilipiga kilele, kwa sababu kila mtu aliamini ngome iko juu. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa vichakani. Ndege za kijeshi zilikuwa zimeshafika katika eneo letu hili wakati huo, na bado mahandaki hayakuonekana. Kila nikiona mtu amebeba kadi mpya ya grafiki kabla hajapima chochote, namkumbuka yule mpiga mzinga. Kadi ndiyo kilele, inaonekana na wote. Tatizo aghalabu liko miguuni.

Nani anayemchelewesha mwenzake

Kila fremu inapitia mikono miwili. Prosesa inakokotoa ndege iko wapi, upepo, vyombo, vitu vya kuchorwa. Kisha kadi ya grafiki inachora. Aliye mwepesi humngoja aliye mzito, na kumnunulia nguvu anayengoja ni kutupa pesa.

Kujua ni rahisi. Ruka Salaita, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, utazame matumizi ya kadi. Ikiwa iko asilimia 95 na kuendelea muda wote, kadi ndiyo inayochelewa. Ikiwa iko 50 au 60 na fremu ni chache, prosesa ndiyo inayochelewa. Hapa watu wengi huteleza, kwa sababu Task Manager itaonyesha prosesa inatumika asilimia 20 tu, wakadhani imepumzika. Simuleta huweka kazi yake kuu kwenye kiini kimoja. Prosesa yenye viini vinane inaweza kuwa na kiini kimoja kinachotoa jasho na saba vinavyopiga miayo, na wastani ukasoma asilimia ndogo. Microsoft Flight Simulator, ukiwasha hali yake ya watengenezaji na kihesabu cha fremu, inakuandikia yenyewe nani anachelewesha. X-Plane nayo huonyesha muda wa prosesa na muda wa kadi kwa kila fremu.

Huna subira na namba? Punguza ukubwa wa picha, mathalan kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, uruke tena. Fremu zikiongezeka, kadi ndiyo iliyokuwa ikichelewa. Zikibaki pale pale, ni prosesa.

Kisha unajua cha kupunguza. Kadi ikichelewa: mawingu, vivuli, kulainisha kingo, ukubwa wa picha. Prosesa ikichelewa: umbali wa undani wa ardhi, wingi wa majengo, magari na ndege nyingine uwanjani, na kasi ya kuburudisha skrini za chumba cha rubani. Ndege kubwa zenye skrini nyingi, kama A320, huila prosesa hata zikiwa zimeegeshwa. Ile kipimo cha umbali wa ardhi katika Microsoft Flight Simulator, kukishusha kutoka 200 hadi 100 mara nyingi kunaleta tofauti kubwa kuliko mipangilio mingine kumi ukiijumlisha, na juu ya Tsavo hutaona umepoteza nini.

Joto na stima

Sasa tufike kwenye yale ya miguuni mwa kilima.

Dalili ni hii: dakika kumi au kumi na tano za mwanzo ni nzuri, kisha fremu zinashuka, zinapanda, zinashuka, kama meno ya msumeno. Ukizima ukapumzika ukarudi, ni nzuri tena. Kompyuta iliyochoka namna hiyo ina moja kati ya mawili: inaungua au ina njaa.

Inaungua: prosesa nyingi zikifika nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia mwendo zenyewe zisije zikaharibika. Iliyokuwa ikienda gigahezi 3.8 inajikuta iko 1.5. Mtengenezaji aliyeipima alikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Sisi tunairusha Voi mwezi wa Februari, chini ya bati, dirisha wazi, na vumbi jekundu la Tsavo linaingia popote penye tundu. Nimefungua laptopu ambazo feni yake imevaa sufi ya vumbi kama kondoo. Kwa walio Mombasa, Lamu na Kilwa, vumbi ni dogo lakini kuna unyevu wa chumvi, unaokula mapezi ya kupoozea na kutia kutu kwenye miguu ya memori. Kompyuta ikiwa kaskazi yote iko karibu na dirisha la baharini, ifunguliwe.

Pakua programu ya bure kama HWiNFO, iache irekodi joto na mwendo wa prosesa wakati unaruka, kisha soma dakika ya tano na dakika ya arobaini. Joto limefika ukingoni na mwendo umeporomoka kwa pamoja? Umeshampata. Safisha feni, badilisha ile dawa nyeupe ya kupitishia joto ambayo kwenye mashine za mitumba huwa imekauka kama chokaa, inua laptopu kwa vitabu viwili ipate hewa chini. Usiiweke kitandani wala juu ya mto. Kuna na mbinu isiyogharimu hata shilingi: katika mipangilio ya nguvu ya Windows, weka kiwango cha juu cha prosesa kiwe asilimia 99 badala ya 100. Kwenye mashine nyingi hilo huzima ule mwendo wa ziada wa kupandisha kasi. Utapoteza fremu chache mwanzoni, na utakachopata ni mwendo mmoja kuanzia kupaa hadi kutua. Mimi nachukua hilo bila kusita.

Ina njaa: hii ndiyo inayodanganya mafundi, kwa sababu dalili zake ni zile zile za joto. Nitaieleza kwa kisa.

Kuna kijana wa upande wa Taveta, nyumbani kwao unaiona Salaita ukisimama uani. Amemaliza kidato cha nne, ameshapeleka maombi ya chuo cha anga, na jioni anajifunza kwa X-Plane kwenye laptopu ya mitumba yenye kadi yake ya grafiki, mashine nzuri tu. Kila akikaribia kiwanja cha Kilimanjaro, ndege inapata kigugumizi. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alimwambia laptopu haifai, anunue kompyuta ya mezani yenye kadi mpya. Mamake anauza ndizi sokoni Taveta, na alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa mtamba wake. Kijana akanipigia kwanza. "Ami," akasema, "kabla ng'ombe hajaondoka, niletee Voi uitazame?" Nikamwambia alete na chaja yake, asisahau.

Tukaweka Salaita. Dakika ishirini ilikuwa fremu 45, safi. Dakika ya ishirini na tano ikashuka hadi 19. Nikatazama joto: nyuzi 82, si kitu. Kadi asilimia 40, inangoja. Mwendo wa prosesa uko chini ya gigahezi moja. Yaani prosesa haijaungua, na bado imejifunga breki. Ndipo nikatazama pembeni ya skrini. Betri ilikuwa imeanza safari ikiwa 100, sasa imekwisha kabisa, na waya wa chaja umechomekwa muda wote.

Chaja ilikuwa ya wati 65. Nyuma ya laptopu imeandikwa 130. Tundu linaingia, taa inawaka, kila kitu kinaonekana sawa, lakini ikiruka mashine inakula zaidi ya inacholishwa. Pengo linazibwa na betri, na betri ikiisha, mashine inajipunguza ili isizimike. Ndiyo maana kigugumizi kilimpata Kilimanjaro kila safari: kutoka alikokuwa akianzia, betri yake ilikuwa ikifika mwisho pale pale. Mlima haukuwa na kosa. Tulitafuta chaja ya mitumba ya wati 130, ya aina ya mashine ile, na bei yake haikufika hata bei ya mkia wa yule mtamba. Mtamba yupo, kijana anatua.

Basi kanuni za haraka. Soma wati zilizoandikwa chini ya laptopu, ulinganishe na zilizoandikwa kwenye chaja. Tazama asilimia ya betri mwanzo na mwisho wa safari huku umechomeka. Ikishuka sana, umepata jibu. Baadhi ya mashine huulizana na chaja kwa pini ndogo ya katikati, na zikikutana na chaja isiyotambulika hushusha mwendo wa prosesa tangu mwanzo, hata kama wati zinatosha. Hizo hukwama tangu dakika ya kwanza na hutoa onyo fupi wakati wa kuwaka ambalo watu huliondoa bila kulisoma. Usiruke kwa betri peke yake. Na wanaotumia sola waangalie inveta inatoa wati ngapi kweli, si ngapi zimeandikwa kwenye boksi.

Memori, diski na intaneti

Microsoft Flight Simulator ya 2020 inataka memori ya gigabaiti 8 kwa uchache na 16 kwa kupendekezwa. Ya 2024 inaanzia 16 na kupendekeza 32. Ukiwa na 8 na vichupo kumi vya kivinjari viko wazi, memori inajaa na Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Diski ikiwa ya kuzunguka, ya kizamani, hapo ndipo unapoona ndege imeganda sekunde nzima halafu inaruka mbele kama panzi. Kuhamishia simuleta kwenye SSD hakuongezi fremu nyingi, ila kunaondoa kule kuganda. Na usiijaze SSD hadi pomoni, acha nafasi.

Jambo lisilojulikana na wengi: kijiti kimoja cha gigabaiti 16 si sawa na viwili vya 8. Viwili hufanya kazi sambamba na kuilisha prosesa kwa upana maradufu. Kwenye laptopu isiyo na kadi yake, ambayo michoro yake hutegemea memori hiyo hiyo, tofauti huonekana kwa macho.

Kadi nayo ina memori yake. Ikijaa, fremu haziteremki polepole, zinaanguka. Ukiona kila kitu ni kizuri hadi unapoingia mji fulani halafu ghafla ni fremu 8, punguza ubora wa maumbo ya uso wa vitu kwa hatua moja, anza upya, upime.

Intaneti inahusu hasa Microsoft Flight Simulator, kwa sababu ardhi yake haikai yote kwenye diski yako. Picha za dunia nzima, data inayozidi petabaiti 2, ziko kwenye seva na zinaletwa kidogo kidogo unaporuka. Ya 2020 inataka megabiti 5 kwa sekunde kwa uchache. Ya 2024 inaanzia 10 na kupendekeza 50. Wa Mombasa mwenye faiba hana neno. Wa Taveta anayetumia simu, na walio mpakani wanajua simu inavyoweza kudaka mnara wa ng'ambo ya Holili katikati ya mazungumzo, ana neno kubwa. Ila tofautisha: intaneti ndogo kwa kawaida huleta ardhi yenye ukungu, kama picha iliyopakwa mafuta, kabla ya kuleta kukwama. Kupima, zima data ya mtandaoni ndani ya mipangilio, uruke Salaita. Ikilainika, umempata. Dawa ni kutenga gigabaiti kadhaa za hifadhi ya ardhi kwenye SSD, kurusha njia ile ile mara moja mtandao ukiwa mzuri, usiku wa manane mathalan, ili ardhi ihifadhiwe. Hifadhi hiyo ikiwa ya zamani na kukwama kumeanza karibuni, ifute uijenge upya. X-Plane na FlightGear mandhari unaipakua mapema, ndiyo maana wa bundi ndogo nawashauri huko.

Nyongeza ulizopachika

Swali la kwanza ninalomuuliza anayesema "sikubadilisha kitu" ni: folda ya nyongeza ina vitu vingapi? Viwanja, ndege, rangi za mashirika, magari. Kila moja ilionekana ndogo. Kisha programu ikajisasisha yenyewe, na nyongeza moja ya zamani haikupatana na toleo jipya.

Badilisha jina la folda ya Community, programu itaona haina nyongeza. Ruka Salaita. Ikiwa kigugumizi kimekwisha, usirudishe moja moja, utazeeka. Rudisha nusu. Kikirudi, mwovu yumo ndani ya nusu hiyo. Kisiporudi, yuko kwenye nusu ya pili. Gawanya tena. Nyongeza 32 zinakwisha kwa raundi tano.

Kuhusu programu zilizovunjwa kufuli: mbali na kwamba ni mali ya mtu, nimekuta humo vijidudu vinavyotumia kadi ya mwenye mashine kuchimba sarafu za mtandaoni. Dalili ni feni inayolia hata hujafungua kitu. FlightGear ni bure na halali, na X-Plane ina toleo la majaribio. Hakuna udhuru.

Yaliyobaki, kwa haraka. Masasisho ya Windows na skani ya kizuia virusi hupenda kuanza ukiwa hewani. Panga saa zake, na uiambie kizuia virusi isiichunguze folda ya simuleta. Ukisasisha draiva ya kadi, safari ya kwanza itakwama kwa sababu vipande vya michoro vinatengenezwa upya. Hukumu safari ya pili. Usukani na pedali zilizochomekwa zote kwenye kigawanyishi kimoja cha USB kisicho na stima yake huleta kuganda kwa ghafla. Zichomeke moja kwa moja ujaribu.

Na ukishamaliza yote, fremu zikawa zinacheza kati ya 34 na 52 na hazitulii, zifunge. Weka kikomo cha 30. Skrini nyingi za kwetu huburudishwa mara 60 kwa sekunde, na 30 inaingia humo sawasawa, kila picha ikionyeshwa mara mbili. Arobaini haiingii sawa, picha moja inakaa muda mrefu kuliko mwenzake, na jicho linaona mtikisiko ingawa namba ni kubwa zaidi. Vijana hawapendi kusikia hivi, wanataka namba. Wajaribu kwa wiki moja.

Ikiwa umepima na kadi kweli iko asilimia 99 juu ya Salaita, joto ni la kawaida, chaja au pawasapulai inatosha, memori haijajaa na mipangilio umeshaishusha, basi nenda ukanunue kadi. Kabla hujalipa, pima kwa rula nafasi iliyo ndani ya boksi la kompyuta, soma wati za pawasapulai iliyomo na uhakikishe ina waya za kulisha kadi hiyo. Muuzaji akiwa na stima dukani, mwambie aiwashe mbele yako na aiache iende nusu saa.